Habari Kutoka Ambohilandy

Asubuhi za mwezi wa Mei pale Ambatolampy huwa na baridi ya kung'ata masikio, lakini uani kwa kina Haingo baridi haikupata pa kukaa. Jua likichungulia tu, Mjomba Solo alikuwa ameshawasha tanuru, na mvukuto unapuliza fuu, fuu, fuu. Vipande vya injini kuukuu na makopo yaliyopondwa viliyeyuka humo mpaka vikawa uji wa alumini unaong'aa. Haingo, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi yake kabla ya kwenda shule: kuukanyaga mchanga mweusi wa kalibu, lile umbo la kumiminia alumini, kwa miguu mitupu, akizunguka na kuzunguka, mpaka ushikane. Mchanga usipokanyagwa vizuri, sufuria hutoka na matundu, na sufuria yenye matundu hurudi tanuruni ilikotoka.

Karakana ile ilikuwa ya mama yake, Vololona. Aliirithi kwa baba yake, na ndiyo iliyomlisha yeye, Haingo, Solo ambaye ni mdogo wake, na wafanyakazi wawili. Baba yake Haingo alikuwa fundi umeme mjini Antsirabe na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya karakana aliyaamua Mama. Na Mama hakuwa mtu wa kubabaika.

Mwaka huo jambo la kuamua lilikuwa limepangwa ukutani kwa safu: sufuria kubwa. Si sufuria za kupikia watu wanne au watano, la! Hizi zilikuwa sufuria ambazo Haingo mwenyewe angeweza kujificha ndani yake akafunikwa kifuniko. Hakuna anayenunua sufuria kama hiyo kwa chakula cha jioni. Wanaozinunua ni koo zinazojiandaa kwa famadihana, ile sherehe ya majira ya baridi ambapo kaburi la ukoo hufunguliwa, wazee waliolala humo wakavikwa sanda mpya za hariri, ngoma na tarumbeta zikalia, na wageni wakala wali na nyama ya nguruwe mpaka mafuta yakawachuruzika mikononi. Katika mwaka wa sherehe nyingi, sufuria kubwa hazikai dukani. Koo zikiahirisha, sufuria hizo hubaki ukutani na mtaji wa mtu umelala ndani yake.

"Dada, nakwambia biashara imekufa," Mjomba Solo alisema asubuhi hiyo huku akipuliza kijiko cha uji wa mchele. "Imekufa kabisa, imebaki kuzikwa. Mkaa umepanda. Skrepa ya kuyeyusha imepanda. Halafu watu wananunua zile sufuria nyepesi za kutoka nje, ukizigusa kwa kidole zinabonyea."

"Na huo uji unaokula umetoka wapi? Matangani?" Mama alimuuliza.

Haingo alicheka mpaka uji ukampalia.

"Chekeni, chekeni," Solo alisema. "Nenda sokoni ukasikie. Kila mtu analia."

"Sokoni watu hulia hata siku wanayouza," Mama alisema. "Ukisema umeuza vizuri, jirani yako anakuja kukopa. Kilio cha sokoni si habari, Solo. Mimi nataka habari."

Na kweli aliitaka, maana Bwana Ratsimba alikuwa ametuma ujumbe. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kutoka mji mkuu, mwenye lori. Alisema angekuja Jumamosi kununua sufuria kubwa zote kwa mkupuo, ila kwa bei iliyozidi kidogo tu bei ya skrepa. "Hali ni ngumu, Mama Haingo," alisema kwenye simu. "Nakusaidia tu."

Mama aliupima ujumbe ule huku na huku. Kama majira ya baridi yangekuwa makavu bila sherehe, bei ya Ratsimba ilikuwa ukombozi: angepata fedha za kununua mkaa na kuwalipa vijana wake. Lakini kama sherehe zingekuwa nyingi, kuuza kwa bei ile kungekuwa kutupa faida ya mwaka mzima. Tena kwa bei ya skrepa ilivyokuwa, asingeweza kuyeyusha nyingine kuziba pengo.

"Haingo," alisema, "Alhamisi mchana walimu wenu wana mkutano, sivyo? Basi utavuka kilima uende Ambohilandy kwa Bibi Zafy, yule mfumaji wa sanda. Mimi siwezi kukiacha kibanda siku ya gulio. Mwamkie kwa niaba yangu, kisha muulize oda za sanda mwaka huu zikoje."

"Sanda, Mama? Si sisi tunauza sufuria?"

"Ndiyo maana. Ukoo ukiamua kuwafunika wazee wao, kwanza huenda kwa mnajimu kuomba siku. Kisha huagiza sanda, kwa sababu hariri haifumwi kwa usiku mmoja. Halafu hutafuta nguruwe. Sufuria ndiyo huja mwisho kabisa. Kwa hiyo mwenye sufuria akitaka kujua kesho yake, amuulize mwenye sanda. Ukifika, kaa usikilize. Usirudi mbio mbio."

"Ndiyo, Mama."

Alhamisi ilipofika, Haingo alitoka na kikapu chake na nia njema kabisa. Tatizo lilikuwa chini ya kilima. Pale, kando ya duka la mafuta ya taa, palikuwa na mpira wa meza, ule wa wachezaji wa mbao waliotungwa kwenye vyuma, na kwenye mpira wa meza alikuwapo Lanto, rafiki yake wa darasani, anayetokwa jasho wakati wa baridi.

"Haingo! Mungu amekuleta!" Lanto alipiga kelele. "Hawa wa mtaa wa juu wametufunga mpaka aibu. Shika hivyo vyuma vya nyuma."

"Nimetumwa."

"Umetumwa, hujafungwa kamba. Mchezo mmoja tu."

Kila mtu anajua mchezo mmoja tu ulivyo. Haingo alikuwa na viganja vyepesi, vilivyozoea tupa na msasa, na mpira ulimtii. Walishinda, wakadaiwa marudiano, wakashindwa, wakadai wao marudiano. Kila alipokumbuka kilima, moyo wake ulimpa jibu la haraka: *Kuna haja gani ya kwenda? Mjomba anasema biashara imekufa. Sokoni wanasema imekufa. Hata Ratsimba mwenye lori anasema hali ni ngumu. Bibi Zafy atasema nini kipya?* Kivuli cha kilima kilipolifikia duka, muda ulikuwa umeshapita wa kwenda popote isipokuwa nyumbani.

Mama alikuwa akichambua mchele alipomwona anaingia. "Haya, mjumbe wangu. Bibi Zafy anasemaje?"

Haingo alitazama kikapu chake. "Anasema hakuna oda, Mama. Koo nyingi zimeahirisha."

"Yeye mwenyewe kakwambia hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

Mama aliweka ungo chini, akatoka uani, akasimama mbele ya zile sufuria. Mjomba Solo alimgeukia Haingo kwa hamu, maana mtu anayetabiri mabaya hufurahi kidogo yanapotimia.

"Ulimkuta anafanya nini?"

"Alikuwa kwenye kitanda cha kufumia," Haingo alisema, na kwa kuwa uongo mmoja haupendi kukaa peke yake, akaongeza, "anafuma shali tu. Shali nyembamba."

"Si nilisema!" Solo, mtu wa tanuru, mambo ya hariri hakuyajua, akameza yote bila kutafuna.

Usiku huohuo Mama alimpigia Ratsimba akamwambia aje na lori. Kesho yake asubuhi aliwaita wale vijana wawili wa karakana, akawaeleza bila kuficha kwamba majira ya baridi yangepita bila sherehe. Angewalipa hadi mwisho wa mwezi, na baada ya hapo wangepumzika mpaka hali ibadilike. Mmoja wao, ambaye mkewe alikuwa amejifungua karibuni, aliitikia, "Sawa, mama," akarudi kwenye mchanga. Haingo aliyasikia yote hayo akiwa amebeba daftari zake, akatoka kwenda shule bila kuaga.

Shuleni, Lanto alimvuta pembeni. "Mama yako alikugundua?"

"Hapana. Nilisema nimemkuta Bibi Zafy anafuma shali."

Lanto alishika mdomo. "Jana? Alhamisi? Haingo, umeumbuka! Ambohilandy hawagusi hariri Alhamisi. Ni mwiko wao tangu enzi na enzi. Bibi yangu mzaa baba anatoka kule. Siku ya Alhamisi wanakaa barazani mikono mitupu, wanapiga soga. Ukigusa uzi wanakutolea macho."

Haingo akaelewa sasa kwa nini Mama alichagua Alhamisi. Ilikuwa ndiyo siku ambayo mfumaji ana nafasi ya kuzungumza. Akaelewa pia kwamba Mjomba Solo, siku yoyote atakapomtajia Mama ile shali, mambo yatamwagika. Hofu ilimshika, na tusimsingizie wema: hofu ya kwanza ilikuwa ya kukamatwa. Aliamua kwamba Jumamosi alfajiri angepanda Ambohilandy, amwone Bibi Zafy kweli, ashone uongo wake vizuri kwa kiraka cha ukweli.

Jumamosi Mama alimpa birika lililozibwa tundu alipeleke kwa mteja aliyekaa chini ya kilima. Haingo alilifikisha, akapokelewa kwa shukrani, kisha badala ya kurudi akakivamia kilima.

Aliusikia mji ule kabla hajauona. Ta-ka, ta-ka, ta-ka, vitanda vya kufumia vilikuwa vikigonga kutoka kila nyumba. Kwenye baraza zilining'inia nyuzi za hariri, nyingine zikiwa bado zinachuruzika rangi. Vyungu vilichemsha vifukofuko vya viwavi, na harufu yake ilijaa njiani. Haingo aliinama mgongo na kunyoosha mkono mbele, kama mtoto mwenye adabu anavyopita mbele ya wakubwa, akapita akisema "samahani, samahani" mpaka mlangoni kwa Bibi Zafy.

Bibi Zafy hakuinua macho kutoka kwenye nyuzi. "Ingia, mjukuu wangu, ila usinikanyagie hariri. Wewe wa nani?"

"Wa Vololona, Bibi. Wa sufuria."

"Ahaa! Vololona alinitumia salamu kwamba ungekuja Alhamisi. Nilikuwekea viazi vitamu mpaka vikapoa, nikampa paka."

Haingo alihisi masikio yanawaka. "Bibi, Mama anauliza... oda za sanda zikoje?"

Hapo Bibi Zafy aliinua macho. Akacheka kicheko cha kikohozi. "Zikoje? Hebu sikiliza hivyo vitanda! Tangu mpunga uingie ghalani hatujapumua. Mwaka jana mvua ziliharibika, koo zikaahirisha. Mwaka juzi vilevile. Sasa mavuno ni mazuri na wazee hawataki kungoja tena. Juzi alikuja mzee mmoja kutoka bondeni, anasema baba yake marehemu kamjia ndotoni anatetemeka kwa baridi. Utamwambia baba yako asubiri tena mwaka mwingine? Hapa nimewakataa watu, sina mikono. Mwambie mama yako atie mkaa wa kutosha."

"Lakini sokoni wanasema biashara imekufa."

"Wafumaji hawako sokoni, mwanangu. Sisi huagizwa nyumbani. Sokoni watakuja kujua mwezi wa Julai, tarumbeta zikianza kulia." Kisha akakumbuka jambo. "Ila yupo mmoja anayejua. Alhamisi, wakati nakungoja wewe, alikuja bwana mmoja wa lori. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akanywa maji ya ukoko wa wali, akauliza kama unavyouliza. Akaenda nyumba kwa nyumba mpaka jua likazama. Ratsi... Ratsimba! Mtu mcheshi."

Haingo alisimama ghafla mpaka karibu aliangushe gurudumu la uzi.

"Bibi, naomba kwenda. Samahani, Bibi! Mama anamuuzia sufuria zote leo!"

"Leo? Kwa nini? Ana homa?"

Haingo alishuka kilima mbio, viatu mkononi. Njiani lile wazo la kiraka liliyeyuka lote. Angeweza kunyamaza. Mpaka Julai hakuna ambaye angejua, na Julai watu wangesema tu Vololona alikosea. Lakini alimwona akilini yule kijana mwenye mtoto mchanga akisema "Sawa, mama," na kila alipomwona aliongeza mwendo. Alilia huku anakimbia, kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni, mkia wake umefunguliwa. Sufuria kadhaa zilikuwa zimeshapanda, na wale vijana wawili walikuwa wakiinua nyingine. Bwana Ratsimba, mwenye kofia ya majani na tabasamu pana, alikuwa akimwelekezea Mama bunda la noti za ariari. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Mama, usipokee!"

Kila mtu aligeuka. Sufuria ilibaki hewani mikononi mwa vijana.

"Nini tena wewe?" Mjomba Solo alifoka. "Umetumwa na birika tangu alfajiri, unarudi na vumbi mpaka nyusi!"

"Mama, nilikudanganya," Haingo alisema, akihema. "Sikwenda Ambohilandy Alhamisi. Nilicheza mpira wa meza mpaka jioni. Nimekwenda leo. Wanafuma kila nyumba, Mama, oda zimewazidi. Bibi Zafy anawakataa watu. Na Bwana Ratsimba anajua, alikuwa kwake Alhamisi."

"Lakini ulisema ulimkuta anafuma shali!" Solo alisema.

"Nilitunga, Mjomba. Alhamisi kule hawafumi kabisa."

Haingo alimtazama mama yake usoni, na alichokiona hakikuwa hasira, ilikuwa ni aibu ya mtu mzima mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kuliona usoni mwa mama yake hata siku moja. Afadhali angechapwa.

Bwana Ratsimba alikohoa. "Pole sana, Mama Haingo. Watoto ni watoto. Lakini neno ni neno. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Mama alisema taratibu. "Neno langu lilikaa juu ya uongo wa mwanangu. Huo ni mzigo wangu mimi, si wako. Kwa hiyo zilizokwisha kupanda lori ni zako, kwa bei ile ile, na sitalalamika hata siku moja. Zilizobaki chini, zimebaki chini. Nyie vijana, hiyo irudisheni ukutani."

Wale vijana hawakuambiwa mara mbili.

"Lakini nikuulize, Bwana Ratsimba," Mama aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya siku zote. "Alhamisi ulikuwa wapi?"

Ratsimba alivua kofia, akajikuna kichwa, kisha akacheka. "Ambohilandy. Sikukatazwa kuuliza, Mama."

"Hukukatazwa. Wewe ulifanya kazi yako, ukavuka kilima kwa miguu yako. Mimi ndiye niliyepaswa kulishtukia hilo lori. Mtu analia hali ngumu huku anakusanya sufuria za sherehe! Anayelia njaa na huku anapanga sahani, ana wageni anaowangoja."

"Mama Haingo, wewe ni hatari," Ratsimba alisema kwa heshima. "Haya basi. Na hizo za ukutani, utaniuzia kwa bei gani?"

"Kaa kwanza unywe kitu cha moto," Mama alisema. "Bei ya mwezi wa Julai haizungumzwi mtu akiwa amesimama."

Walizungumza mpaka kikombe cha tatu. Mwishowe Ratsimba alichukua nyingine chache, kwa bei iliyomfanya akunje uso na kuvaa kofia upande, akaagiza nyingine za kuyeyushwa. Alilipa sehemu ya hizo papo hapo, na Mama akatuma watu wakanunue skrepa siku hiyo hiyo kabla haijapanda tena. Wale vijana wawili waliambiwa wasiende popote. Mjomba Solo naye akazunguka uani akijigamba, "Biashara imefufuka! Mimi nilihisi, sema nilinyamaza tu!"

"Wewe umewahi kunyamaza lini?" Mama alimuuliza.

Lakini lori lilipoondoka na zile za kwanza, zilizokwenda kwa bei ya skrepa, Mama alimsimamisha Haingo mlangoni, akamfanya azitazame mpaka zilipopotea kwenye kona.

"Umeziona?"

"Nimeziona, Mama." Machozi yalikuwa yanamtoka tena.

"Hizo ndizo gharama ya mpira wako wa meza. Sitakuchapa. Kukiri mbele ya watu si kazi ndogo, na ungeweza kunyamaza. Hilo nimeliona na sitalisahau. Lakini kuanzia sasa, kila Alhamisi isiyokuwa ya shule, kilima ni chako. Utakwenda kwa wafumaji, na ukishuka utapita kwa wafuga nguruwe. Utaniletea walichosema, kama walivyokisema."

Na kilima kikawa chake kweli. Mwanzoni alikipanda kwa adhabu, baadaye kwa mazoea, na mwishowe, ingawa hakumwambia mtu, kwa raha. Bibi Zafy alimwekea viazi. Alijifunza kuuliza swali kisha kunyamaza, kwa sababu watu wazima humaliza kusema la kwanza ndipo wanasema la maana. Julai ilipofika, tarumbeta zilisikika kutoka kila bonde, na tanuru halikupoa. Sufuria ziliuzwa zikiwa na joto lake. Kijana mwenye mtoto mchanga alimnunulia mkewe shali.

Kisha, siku moja mwishoni mwa Agosti, Haingo aliteremka kilima kwa mwendo wa pole kuliko kawaida. Barazani kwa Bibi Zafy kulikuwa na vitanda viwili tu vilivyokuwa na nyuzi. Alizunguka nje ya karakana mara kadhaa kabla ya kuingia. Ndani, Mama na Mjomba Solo walikuwa wakimimina alumini kwenye kalibu ya sufuria kubwa, wakitaniana, na Haingo hakuwahi kumwona mama yake akiwa na furaha kama siku hiyo.

Alingoja mpaka uji wa moto uingie wote kalibuni, ndipo akasema. "Mama. Habari si nzuri."

Solo aliguna. "Mwache mama yako afurahi japo leo."

"Sema," Mama alisema.

"Oda zimekwisha. Bibi Zafy anasema waliobaki ni wachache sana, na wafuga nguruwe wanasema hivyohivyo. Nimeuliza kila nyumba. Sufuria kubwa hazitatoka tena mwaka huu." Aliweka kikapu chini. "Samahani, Mama."

Mama alifuta jasho kwa mkono, akaacha alama ya masizi kwenye paji la uso. Aliitazama kalibu iliyokuwa inapoa, kisha akamgeukia Solo. "Hii iwe ya mwisho. Kesho tunaanza sufuria ndogo, na miiko, na birika. Shule zikifunguliwa, watu wanapanga vyumba, na kila chumba kinataka sufuria."

"Haya, bosi," Solo alisema.

Haingo alishangaa. "Hujakasirika, Mama?"

"Nikasirike kwa nini? Umeniletea wiki kadhaa za kujiandaa." Mama alimvuta karibu, masizi na yote. "Sikia, mwanangu. Biashara ina siku ya mvua na siku ya jua, na mimi siiogopi yoyote kati ya hizo, mradi nijue ni ipi inayokuja. Habari mbaya ya kweli ninaweza kufanya nayo kazi. Ila habari ya kunifurahisha, au ya kujiokoa wewe, ikiwa ya uongo, inanitia gizani huku nadhani naona. Mwenye duka hafilisiki kwa sababu hali ni ngumu tu. Hufilisika zaidi kwa kuamini jambo ambalo hakuna aliyekwenda kuliangalia. Wewe sasa unakwenda kuangalia, unarudi na unachokiona, kiwe kitamu au kichungu. Mtu wa namna hiyo nikiwa naye nyumbani, silali na wasiwasi wa biashara."

Haingo akavua viatu, akaingia kwenye rundo la mchanga mweusi, akaanza kuukanyaga kwa ajili ya sufuria ndogo.